Simu nyepesi kwa laki tano Mwanza: mpya ya boksi, Samsung S iliyotumika au iPhone ya mtumba?

Ukizunguka maduka ya simu kuanzia Makoroboi hadi Barabara ya Rwagasore ukiwa na laki nne na nusu au tano, utawekewa mezani simu za aina tatu. Kuna mpya ya boksi: Tecno, Infinix, Redmi, nailoni ingali kwenye kioo. Kuna Samsung ya familia ya S, mfano S21, iliyotumika huko Dubai au kwingineko. Na kuna iPhone ya mtumba, mara nyingi 11, ukiongeza kidogo 12. Bei hupanda na kushuka kila mzigo unapoingia, ila aina hizi tatu hugombea mfuko uleule, na kila muuzaji atakuapia kwamba yake ndiyo haigandi.

Wote watatu wanaweza kuwa wakweli kwa siku ya kwanza. Baadaye kila aina huwa nzito kwa namna yake: ya boksi huchoka memori inapojaa, Samsung huchoka ikipata moto, iPhone huchoka betri inapozeeka. Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue ipi, namuuliza kwanza anaifanyia kazi gani, anashinda wapi mchana, na fundi wake yuko umbali gani.

Mambo ya rangi, umaarufu na kamera ya kupendezesha sura nimeyaweka kando. Hapa tunatafuta simu inayoitika.

KWANZA, JE, SIMU NDIYO NZITO?

Nusu ya malalamiko ninayosikia ni ya mtandao. Mtu yuko kwenye meli kuelekea Nansio, video ya WhatsApp inazunguka tu, anashuka gatini akiwa ameshaamua kuiuza simu. Jaribio lake ni jepesi: washa hali ya ndege, kisha fungua kamera, picha za zamani, orodha ya majina na sehemu ya kuandika ujumbe. Vikifunguka upesi, simu haina kosa. Lalamikia mnara au bando. Vikisuasua hata hapo, mwenye kosa umempata.

Halafu angalia nafasi iliyobaki kwenye memori. Memori za simu haziandiki juu ya data ya zamani moja kwa moja, ni lazima zifute eneo kwanza, kwa hiyo nafasi ikibaki finyu simu hutumia muda mwingi kuhamisha vitu huku na kule kabla ya kukuhudumia. Ukiwa umebakiwa na chini ya sehemu moja ya kumi, tarajia uzito. Sisi tunajua zinakojazwa: kikundi cha harusi, kikundi cha send-off, kikundi cha vikoba, kila mmoja anarusha video ileile. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, futa zile kubwa, kisha uizime simu na kuiwasha.

Kwa wenye Android kuna jambo moja zaidi. Kwenye taarifa za simu, gusa namba ya toleo la mfumo mara 7, zitafunguka chaguo za wasanidi. Tafuta vipimo vya uhuishaji, vipo vitatu, vipunguze kutoka 1 hadi 0.5. Prosesa, yaani ubongo wa simu, haiongezeki nguvu hata kidogo, ila zile mbwembwe za madirisha kufunguka na kufunga zinachukua nusu ya muda, na mkono unahisi tofauti papo hapo. Kuna watu wamebaki na simu zao mwaka mzima kwa sababu ya hili peke yake.

VIPIMO VYA KULINGANISHIA

Baada ya hapo, kama bado unanunua, pima kila simu kwa mambo haya: inavyoitika siku ya kwanza, itakavyokuwa baada ya mwaka, joto na chaji, laini na mtandao, na mwisho fundi, vipuri na hatari ya kupigwa. Mawili ya kwanza yanahitaji maelezo, maana ndiko wauzaji wanakotuchezea.

Prosesa kila mtu anaitaja. Inayosahaulika ni memori ya ndani, na mimi huiangalia kabla ya RAM, ile sehemu ya muda inayoshika programu ulizofungua. Simu nyingi za bei ya chini hutumia memori ya aina ya eMMC. Zilizopanda kidogo hutumia UFS. eMMC husoma au huandika, kimoja kwa wakati. UFS hufanya vyote kwa pamoja. Ni kama Kigongo na Busisi: enzi za kivuko, magari ya huku yalisubiri ya kule yashuke kwanza, tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, pande zote mbili zinapita kwa wakati mmoja. Kwa tarakimu, eMMC 5.1 husoma takriban MB 250 hadi 300 kwa sekunde, UFS 2.2 hukaribia MB 1,000, na UFS 3.1 iliyomo kwenye S21 huenda mbali zaidi ya hapo. Ukifungua programu moja dukani hutaiona tofauti hii. Utaiona nyumbani, pale WhatsApp inapopakua video za kikundi huku wewe unataka kupiga picha ya haraka: simu ya eMMC inaduwaa, kamera inafunguka ikiwa nyeusi, mtoto ameshaacha kucheka.

Sasa RAM. Boksi limeandikwa GB 8 kwa herufi kubwa, na pembeni kwa herufi ndogo 4+4.

"Bosi, hii GB nane."
"Nane kamili au nne jumlisha nne?"
"Aah, ni nane tu kaka, zinaungana."

Haziungani. Hizo nne za pili ni kipande cha memori ya ndani kilichoazimwa, na memori hata iliyo nzuri ni ya polepole sana ikilinganishwa na RAM halisi. Kama simu yenyewe ni ya eMMC, mkopo huo unazidi kuibebesha ileile memori iliyokwisha elemewa. Simu nyingi zinaruhusu kuizima RAM ya kuazima kwenye mipangilio. Izime siku mbili tatu uone. Kwa matumizi ya leo, GB 4 halisi ni ya kubana, 6 inapumua, 8 unasahau kwamba kuna kitu kinaitwa RAM. iPhone haipimwi kwa hesabu hii, nitaeleza mbele.

Na skrini: ya Hz 60 hubadilisha picha kila milisekunde 16.7, ya Hz 120 kila milisekunde 8.3. Macho huiona tofauti unapoperuzi. Lakini Hz 120 juu ya prosesa dhaifu ni kioo kinachosubiri picha ambazo hazijafika, na utaona inaruka-ruka badala ya kuteleza.

MPYA YA BOKSI

Siku ya kwanza. Inategemea jina la mwisho kwenye boksi, na hapa ndipo wengi wanapotea. Chukua mfano wa Infinix Hot 40 za 2023: Hot 40i ina prosesa ya Unisoc T606, Hot 40 ina Helio G88, Hot 40 Pro ina Helio G99. Tecno nao hivyohivyo, Spark 20C ina Helio G36, Spark 20 ina G85, Spark 20 Pro ina G99. Kwa nje zinafanana kama watoto wa baba mmoja, na matangazo ya ukutani yanazitaja zote kwa jina la ukoo. G99 imetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 6 na ina viini viwili vikubwa vya Cortex-A76 vya GHz 2.2. T606 ni ya nanomita 12, viini vyake vikubwa ni A75 vya GHz 1.6. Hayo ni madaraja mawili tofauti kabisa. Kwa simu mpya ya bei hii, ushauri wangu ni kushikilia G99 au inayolingana nayo, yenye UFS 2.2, Redmi Note 13 ya 4G, kwa mfano, ina Snapdragon 685 na UFS 2.2. Redmi 13C, ambayo ni ya bei ya chini yake, ina eMMC 5.1, na mwenye haraka ataihisi.

Yenye G99 inafungua WhatsApp, M-Pesa, TikTok na ramani bila kukuudhi. Gemu zito inacheza ukishusha ubora wa picha. Siku hiyohiyo ondoa programu zilizojazwa kiwandani. Nyingi hazina kazi zaidi ya kukutumia matangazo.

Baada ya mwaka. Tecno na Infinix za bei hii hazina historia ya kupewa matoleo mengi mapya ya Android, kwa hiyo zitabaki zilivyo, na kuna wanaopenda hivyo. Samsung imekwenda njia nyingine: Galaxy A16, ya mwishoni mwa 2024, iliahidiwa miaka 6 ya masasisho. Nzuri, ila toleo la RAM GB 4 linanitia mashaka. Miaka sita ya mifumo inayozidi kunenepa juu ya RAM ileile ni safari ndefu. Ukiichukua A16, tafuta ya 6 au 8.

Joto na chaji. Hapa ndipo inapowashinda wenzake. Betri ya mAh 5,000 ni mpya kabisa, na G99 haipati moto wa kuogopesha. Kasi ya saa mbili asubuhi ndiyo ya saa nane mchana, jambo ambalo simu kali za zamani haziwezi kuahidi.

Laini na mtandao. Laini mbili, na nyingi zina nafasi ya kadi ya memori pembeni. Weka picha na nyimbo kwenye kadi, usiweke programu. Kadi ni ya polepole kuliko hata eMMC. Nyingi za bei hii ni za 4G tu, na kwa kazi za kila siku 4G yenye mnara mzuri inatosha.

Fundi na hatari. Kioo cha Tecno hukosi, hata Nansio au Sengerema mjini. Waranti ipo ukidai risiti ya EFD. Hatari yake ni boksi jipya lenye simu iliyofumuliwa na kufungwa upya. Linganisha IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ya boksi na ile inayotokea ukibonyeza *#06#.

Inamfaa anayetaka simu imtumikie bila kumfikirisha, anayeshinda juani, na asiye na fundi wa kumwamini.

SAMSUNG YA FAMILIA YA S, ILIYOTUMIKA

Siku ya kwanza. Ukiishika S21 baada ya kushika simu ya boksi, kidole chenyewe kinatoa hukumu. Ilitoka Januari 2021 kwa dola 799, pesa iliyokaribia milioni mbili zetu, na sehemu kubwa ya pesa ile ilikuwa ya kununua wepesi: RAM GB 8 halisi, UFS 3.1, skrini ya Hz 120, na prosesa ya Exynos 2100 kwenye matoleo mengi ya nje ya Marekani au Snapdragon 888 kwenye ya Marekani. Programu inafunguka kabla hujaondoa kidole. Unaruka kutoka TikTok hadi benki hadi WhatsApp, unarudi TikTok na kukuta video pale ulipoiacha.

Baada ya mwaka. Android 15 ndiyo toleo kubwa la mwisho iliyopewa S21. Programu za kawaida zitaendelea kufanya kazi kwa miaka, ila mtu anayetunza fedha nyingi kwenye simu afikirie suala la masasisho ya usalama. Kwa wepesi wenyewe, kuna faida ya ajabu: mfumo ukiacha kubadilika, simu nayo inaacha kunenepa. Memori haina kadi ya nyongeza, kwa hiyo GB 128 ndizo hizo, zitunze.

Joto na chaji. Huu ndio udhaifu wake mkubwa. Prosesa zote mbili za S21 zinajulikana kwa kupata moto zikibanwa, na simu ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ifunge kwenye usukani wa bodaboda saa saba mchana, ramani imewashwa, mwanga wa skrini juu kabisa, data inatembea: baada ya muda skrini inafifia, ramani inakatika-katika, na ile simu ya laki tano inazidiwa na Spark ya jirani. Betri ilikuwa mAh 4,000 ilipokuwa mpya, na sasa ina miaka yake. Wanaotaka Samsung kali inayotulia zaidi huwa nawaelekeza kwenye S20 FE ya 5G, yenye namba inayoanzia SM-G781: ina Snapdragon 865, betri ya mAh 4,500, na inaingia kadi ya memori. Iliishia Android 13, hilo nalo ulijue.

Laini na mtandao. Matoleo ya Marekani na Korea mara nyingi huwa na tundu la laini moja, na mengine yamefungiwa mtandao wa kule yalikotoka. Usiamini maneno, chomeka laini yako, piga simu, washa data.

Fundi na hatari. Fundi wapo, vioo vya kweli ndivyo vya shida. Kioo cha AMOLED cha S21 kinaweza kula nusu ya bei uliyonunulia simu, na simu za umri huu zinajulikana kwa kuota mstari wa kijani au wa waridi kwenye skrini bila hata kudondoka. Sifa ya kutoingia maji nayo isikudanganye: ikishafunguliwa na fundi mara moja, ule mpira wa kuzuia maji si wa kuaminiwa tena. Kwa mtu wa mwaloni, kwenye soko la samaki, hilo si jambo dogo.

Inamfaa anayefanya kazi nyingi kwa wakati mmoja, anayekaa kivulini, mwenye chaja karibu na akiba ya kioo pembeni.

IPHONE YA MTUMBA

Siku ya kwanza. iPhone 11 ni ya Septemba 2019, na bado inashangaza. Prosesa yake ya A13, kwenye vipimo vya kiini kimoja, inaipita G99 zaidi ya mara mbili. RAM ni GB 4 tu, lakini iOS, mfumo wa iPhone, inazigandisha programu za nyuma kwa ukali, kwa hiyo GB 4 hizo haziwezi kusomwa kama za Android. Utakachokosa ni mtelezo wa Hz 120. Skrini ni Hz 60, na aliyezoea S21 ataona. Asiyezoea hataona kitu.

Baada ya mwaka. iOS 26, iliyotoka Septemba 2025, bado inaikubali iPhone 11, na ndiyo kongwe kuliko zote zilizokubaliwa. Maana yake iko kwenye ngazi ya mwisho. Ukiweza kuongeza pesa ufike 12, umejinunulia muda. Chini ya 11 ningeangalia mara mbili, na iPhone 6 zinazouzwa barabarani kwa bei ya huruma ziache kabisa: tangu Mei 2025 WhatsApp inataka angalau iOS 15.1, na simu hizo hazifiki huko. Kuhusu nafasi, GB 64 bila kadi zinajaa upesi mno kwa mtu wa vikundi vingi. Tafuta 128.

Joto na chaji. Wepesi wa iPhone umefungwa kwenye betri. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba mfumo hupunguza kasi ya simu zenye betri iliyochoka ili zisijizime ghafla. Wengi walikasirika, lakini somo kwa mnunuzi wa mtumba ni la faida: iPhone nzito mara nyingi ni betri, na betri ikibadilishwa kasi inarudi. Fungua sehemu ya afya ya betri. Ikiwa chini ya asilimia 80, hesabu bei ya betri mpya juu ya bei ya simu. Ikisoma 100 kwenye simu ya 2019, betri imeshabadilishwa au namba imechezewa. Angalia kwenye taarifa za simu kama kuna onyo la kipuri kisichotambulika. Hata ilipokuwa mpya, betri ya 11 ilikuwa mAh 3,110, kwa hiyo tembea na paua benki. Na waya wake ni Lightning; kibandani utapata waya wa Type-C kwa watu kumi kabla hujampata mwenye wako.

Laini na mtandao. iPhone 11 nyingi zina tundu moja la laini, ya pili ni eSIM, laini isiyo na kadi ya kuchomeka. Zilizotengenezwa kwa soko la China na Hong Kong zina matundu mawili ya laini za kawaida, na hizo hugombewa. Usivutike na 14 ya Marekani yenye bei ya kushangaza kabla ya kuitazama ubavuni: haina tundu la laini hata moja.

Fundi na hatari. Hatari kubwa ni akaunti ya mwenyewe wa zamani. Simu iliyofungwa na iCloud ni kioo cha kujitazamia. Ifutwe mbele yako, iwashwe upya, ifike mwanzo wa kuweka lugha hadi mwisho bila kuuliza akaunti ya mtu, ndipo utoe pesa. Fundi wazuri wa iPhone wapo mjini. Ukivuka ziwa wanapungua.

Inamfaa anayetaka kasi ya kudumu na video nzuri, anayeishi mjini, na aliye tayari kununua betri moja njiani.

KUIJARIBU DUKANI

Dakika kumi na tano zinatosha, na muuzaji anayekunyima dakika hizo ameshakujibu.

Washa hotspoti ya simu yako ya zamani, fungua programu saba au nane mfululizo, kisha rudi kwenye ya kwanza. Ikianza upya kutoka nembo yake, RAM imezidiwa. Kisha toka nje, simama juani, rekodi video ya dakika kumi, na mara tu baada ya kuizima peruzi picha haraka-haraka. Simu inayopoteza kasi kwa moto itajifichua hapo, na ndiyo sababu wauzaji wa zilizotumika hupenda uijaribu ndani penye feni. Kwa Samsung, bonyeza *#0*# ufungue majaribio ya skrini. Ipitishe rangi nyekundu, kijani na bluu ukitafuta mistari na vivuli.

Tuma namba ya IMEI kwenda 15090 uone kama inarudisha jina na aina ya simu uliyoishika. Zoezi la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, la kuzima simu bandia Juni 2016 wengi wanalikumbuka kwa uchungu. Kuna na wizi mpya zaidi: simu za mkopo. Mtu anakopeshwa simu mpya, analipa kidogo, anakuuzia wewe kwa bei nzuri, na marejesho yakikoma inajifunga ikiwa mkononi mwako. Simu mpya inayouzwa mtaani bila boksi wala risiti, uliza mara mbili.

KWA HALI YAKO

Bodaboda wa Buzuruga au Igoma anayetegemea ramani na simu za wateja juani: ya boksi yenye G99. S21 itakuaibisha mchana.

Mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, mikono ina maji, simu inadondoka, kuna oda za WhatsApp na miamala siku nzima: ya boksi tena, ikiwa na kava nzito. Kioo kikipasuka Jumanne, Jumatano uko kazini.

Mwanafunzi wa pale SAUT Malimbe anayesoma PDF nzito, anahama kati ya programu na kucheza gemu jioni chumbani: S20 FE au S21. Kivuli kipo, soketi ipo, na RAM ya kweli utaiona kila saa.

Mpiga picha za sherehe au mtu wa video fupi: iPhone 11 ya GB 128, au 12 ukifikia. Hata programu za kuhariri hazitakusubirisha.

Wakala wa fedha mwenye laini tatu nne: usitafute simu moja ya kubeba zote. Viswaswadu kwa miamala, na ya boksi ya laini mbili kwa mambo mengine.

Mzazi aliyeko Ukerewe anayetaka kuona wajukuu kwenye video: ya boksi, betri kubwa, maandishi makubwa, RAM ya kuazima imezimwa, na kabla hujampelekea weka WhatsApp isipakue video zenyewe.

Aliye na laki mbili na nusu: kwa bei hiyo mpya utakazopata nyingi ni za T606 au chini yake, na memori ya eMMC. Kama simu yako ya sasa ina RAM ya GB 4 halisi na kioo kizima, badilisha betri, safisha memori, punguza uhuishaji, na endelea kudunduliza hadi ufike kwenye G99.